Rangi ya Shaba Kabla ya Maji

Mjukuu wangu Makena ni injinia, na mwaka jana, baada ya kuniahidi mara nyingi na kunidanganya mara nyingi, alinipeleka Nairobi nione kiwanda anachofanyia kazi. Walinivika kofia ngumu na koti lililonifika miguuni, wakaniketisha mbele kana kwamba mimi ni askofu aliyekuja kubariki mitambo. Mbele yangu palikuwa na bomba jembamba la shaba lililozungushwa mizunguko mingi, maji baridi yakipita ndani yake na umeme ukipita humo humo, na katikati ya mizunguko ile walipitisha fimbo nene ya shaba. Hapakuwa na moto. Hapakuwa na makaa, wala moshi, wala mtu aliyetokwa na jasho. Makena alinieleza kwamba umeme wa kwenye bomba huamsha umeme mwingine ndani ya fimbo bila kuigusa, na fimbo ikapata joto kutoka ndani yake yenyewe. Akasema chuma hukubali upesi, ila shaba ni kaidi: inaupisha umeme kwa urahisi mno hata haitaki kupata moto, kwa hiyo mashine lazima itumie nguvu zaidi. "Shaba si chuma, Juju," akaniambia mimi bibi yake, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Maneno hayo niliyajua kabla mama yake hajazaliwa.

Nikawaomba wazime taa. Msimamizi alisitasita, lakini nani atamkatalia bibi kizee aliyetoka Meru kwa basi tangu alfajiri? Wakazima. Fimbo ilianza kuiva gizani, kwanza kama haipo, kisha ikajitokeza polepole, na kijana mmoja alikuwa ameielekezea kifaa cha kusoma joto, kilichotegwa kilie fimbo ikifika joto lake. Nikasema, "Sasa." Baada ya mimi kusema, kifaa kikalia. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu nilikitangulia kile kifaa. Wale vijana walipiga makofi, Makena akaniuliza nilijuaje. Nilimwambia nitamwandikia, kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana na nilitaka kwenda kula. Basi ninaandika, na nikijisifu mwenyewe katika kurasa hizi mtanisamehe, maana nimekusudia kujisifu.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya msituni. Nilikuwa na miaka ishirini, mpishi katika nyumba ya Mzee Abdalla, mfua shaba wa mji wa Meru. Habari za kwetu na sababu za kuja mjini nitaziacha. Kila mtu ana kwao. Nyumba ile ilikuwa upande waliokaa Waislamu, wenye maduka na wenye malori, na ilikuwa na chumba cha mbele chenye mkeka, chumba cha kulala, jiko langu la kuni, na nyuma ya ua, karakana. Kuta za karakana zilikuwa za mabati yaliyoingia kutu. Madirisha yake mawili yalifunikwa kwa magunia ya kahawa mchana kutwa, na mara ya kwanza nilipoingia nilidhani Mzee anaficha kitu cha wizi. Palikuwa na tanuru la udongo la kimo cha goti, mvukuto wa ngozi ya mbuzi, fuawe, pipa la maji, na ukutani sufuria, mabirika na sinia za shaba za kila ukubwa zikingoja kuzibwa au kupakwa bati. Juu ya mlango palikuwa na barua ya serikali iliyotiwa kwenye fremu. Wahunzi wote wa vilimani walikuwa wamefungiwa mioto yao kwa kushukiwa kwamba wanawatengenezea watu wa msituni bunduki, na barua ile ndiyo iliyomruhusu Mzee Abdalla peke yake kuwasha tanuru. Bila barua, hakuna moto, na bila moto nyumba ile haili.

Mke wake, Bi Rukia, alisema chakula changu cha kwanza kilifaa kulishwa punda wa sokoni. Hakunifukuza. Alivuta kigoda akaketi jikoni, akanifundisha kukanda chapati mpaka unga uache kushika vidole, kukaanga vitunguu bila haraka, na kutia iliki kwenye chai mwishoni badala ya mwanzoni. Mimi nami niliwaletea vya kwetu. Nilichemsha viazi vikuu na nduma, na Mzee, aliyekuwa amekaa Meru maisha yake yote bila kula nduma kwa heshima inayostahili, alizipenda akawa anazila na chai asubuhi kabla ya kazi. Ijumaa tulipika pilau, na harufu yake ilivuka ua ikaingia karakana, na nyundo zilinyamaza zenyewe. Nilikuwa na raha katika nyumba ile. Ni vigumu kusema hivyo kuhusu mwaka kama ule, wakati watu wetu walikuwa wanahamishwa na kuzungushiwa mahandaki, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ukaja msako. Asubuhi moja askari waliuzunguka mji, wakawapanga wanaume barabarani wakiwa wamechuchumaa, na wafanyakazi wawili wa Mzee wakapandishwa lori. Mmoja alirudi baada ya miaka miwili. Mwingine sikumwona tena. Kesho yake nilikuwa ninapepeta mchele, Mzee akasimama kwenye mlango wa jiko, mkono umeshika kizingiti. "Kawira, mwanangu," akasema, "weka huo ungo chini uje huku. Mvukuto hauna mtu."

"Na chakula cha mchana?" Bi Rukia akauliza kutoka ndani.

"Tutakula mkate."

"Mkate gani? Wewe Abdalla umewahi kununua mkate?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Nilivuta mvukuto kwa wiki mbili, mikono ikatoka malengelenge, na katika muda huo Mzee alinifundisha jambo moja ambalo sikuamini mpaka nilipolishika. Nilikuwa nimewaona wahunzi wa kwetu. Jembe likitoka motoni likatumbukizwa majini, linakuwa gumu. Mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba. Shaba ni kinyume chake. Ukiipiga nyundo ndiyo inakuwa ngumu, na ukizidi kuipiga inapasuka. Ukitaka ilainike, unaitia motoni mpaka ifike rangi yake, kisha unaizamisha majini, nayo inatoka laini kama ngozi ya mwana-mbuzi. Mzee alinipa kipande kilichotoka majini nikakikunja kwa vidole vyangu. Nilicheka kwa mshangao. Lakini yote yanategemea rangi. Chini ya rangi hiyo shaba hailainiki, na juu yake haikuonyi kama chuma kinavyokuonya. Kitambo kidogo tu imeanza kutokwa jasho, na jasho hilo ni yenyewe inayeyuka. Ndiyo sababu ya magunia madirishani. Kwenye mwanga wa jua rangi ya shaba ni ya uongo.

"Ingoje iwe kama komamanga," Mzee aliniambia. Mimi sikuwa nimewahi kuona komamanga, na mpaka leo sijui kama lingalinisaidia. Nilitafuta mfano wangu mwenyewe. Kabla sijaja mjini nilikuwa nimechuma kahawa misimu mitatu, na karani wa kupokea kahawa alikuwa na macho ya mwewe: tunda la kijani moja tu kwenye kikapu, unarudishwa nyumbani na kikapu chako. Basi nilijua wekundu wa tunda lililoiva leo, na wa lile la jana, na ule wekundu mzito wenye giza kidogo wa tunda lililopitishwa siku mbili mtini. Huo wa mwisho ndio ulikuwa rangi ya shaba. Nilipouona mara ya kwanza kwenye tanuru nilisema kwa sauti, bila kufikiri, "Hii ingerudishwa na karani." Mzee akauliza nimesema nini. Nikamweleza. Hakucheka. Aliniomba nirudie kumweleza, na nilipomaliza aligeuza uso akauelekeza kwenye moto.

Ilinichukua siku chache kuelewa kwa nini alitaka kusikia mara mbili. Sinia mbili zilitoboka motoni ndani ya juma moja, mikononi mwa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka arubaini. Mzee alimimina chai pembeni ya kikombe akasema mkeka ulikuwa na kilima. Halafu mchana mmoja, nikiwa jikoni baada ya chakula, niliwasikia nyuma ya pazia. Bi Rukia alizungumza kwa sauti ya chini, na yeye hakuwa mtu wa sauti ya chini. "Waambie watu, Abdalla. Macho hayarudi kwa kuyaficha." Mzee akajibu, "Nikiwaambia, kesho ofisi inachukua barua. Mfua shaba asiyeona moto ni nini? Ni mzee tu aliyekaa gizani." Bi Rukia akasema, "Utaunguza mali ya watu." Yeye akasema, "Najua." Alilisema hilo neno moja kwa unyonge ulionifanya niache kuosha vyombo.

Nilifikiri usiku kucha, na asubuhi nilimwendea akiwa anakula nduma. Nilimwambia, "Mzee, mimi nitakuwa nakuuliza kama nilete maji. Nikiuliza tu, ujue rangi imefika. Watu wakiwapo watasikia mtumishi anauliza, basi." Alitafuna mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Nani amekufundisha ujanja?" Nikamwambia, "Karani wa kahawa." Akacheka mpaka Bi Rukia akatoka kuja kuona. Tangu siku hiyo, rangi ilipofika nilisema, "Maji, Mzee?" naye akajibu kwa sauti kubwa ya bosi, "Lete maji!" na koleo zikashuka. Mkono wake haukuwa na mfano. Alijua kwa kidole mahali bamba lilipokuwa gumu na mahali lilipolegea, na nyundo yake ilianguka palepale alipotaka ianguke. Alichokosa ni macho, na mimi nilikuwa nayo mawili. Kwa miezi saba hatukuunguza hata kijiko.

Sasa ninapokumbuka, ninajiuliza kama tuliwadanganya watu. Makena, niliyemsimulia sehemu hii kwa simu, alisema ndiyo, na kwamba kazini kwao mtu angefutwa. Ana haki yake. Mimi nasema sufuria zilitoka nzima. Lakini siwezi kukana kwamba kila mteja alipoingia karakana niliogopa, na kila mteja aliposema, "Mzee Abdalla, hakuna kama wewe," nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Nilitaka mtu mmoja tu, hata mbuzi, ajue kwamba jicho lile lilikuwa langu. Na nilijua siku mtu huyo akijua, barua itashuka ukutani na Mzee atakaa gizani kama alivyosema.

Msimu mkubwa wa kahawa ulipofika, lori la kiwanda cha kahawa kilicho karibu na Githongo lilikuja kutuchukua. Mashine ya kumenya kahawa ina pipa linalozunguka, na pipa hilo limevikwa bamba la shaba lenye vinundu vingi. Vinundu ndivyo vinavyotoa ganda bila kuumiza punje. Jiwe lilikuwa limeingia pamoja na matunda likalichana bamba toka huku hadi huku. Kahawa iliyochumwa leo inataka kumenywa leo. Kesho inaanza kuchacha, kesho kutwa ni takataka, na watu wa mlima ule hawakuwa na miaka mingi tangu waruhusiwe kupanda kahawa yao wenyewe. Kulikuwa na wengi, ofisini na mashambani kwa wazungu, waliosema Mwafrika hataiweza. Mwenyekiti wa kiwanda alikuja mwenyewe ndani ya lori, mzee wa kanisa mwenye tai, na njiani hakuzungumza ila kutuhesabia vituo vya ukaguzi vilivyobaki.

Tulipofika tulielezwa jambo ambalo mwenyekiti alikuwa ameliacha njiani kwa aibu. Stoo ilikuwa na mabamba mawili mapya ambayo hayajatiwa vinundu. Moja lilikuwa limekwisha kuharibika. Kabla ya kutuita walikuwa wamemwita kwa siri M'Ikiara, mhunzi wa pale, ambaye moto wake ulikuwa umefungwa na serikali miaka miwili. Mtu aliyenyimwa nyundo miaka miwili akipewa bamba atafanya nini? Alilipiga likawa gumu, akalitia motoni kulilainisha, akangoja liwe jeupe kama anavyongoja chuma. Shaba haikungoja. Katikati palikuwa na tundu ninaloweza kupitisha kichwa. Na walikuwapo watu waliojua anakosea, hata yule aliyeendesha mashine, lakini kwetu mhunzi hapingwi mbele ya moto wake. Laana ya mhunzi haina dawa. Akikasirika, akapiga fuawe tupu huku ametaja jina lako, ukoo wako wote utaanza kuchungulia makaburi. Kwa hiyo wanaume kumi na wawili, pamoja na mzee wa kanisa, walisimama wakaitazama shaba ikiyeyuka kwa adabu.

M'Ikiara alikuwa amekaa kwenye gogo mlangoni akitafuna miraa, mtu mwembamba mwenye mabega makubwa. Aliponiona nikishusha mvukuto alisimama. Alisema kwa Kimeru, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Mzee, asiyejua Kimeru ila cha sokoni, asikie, "Mwanamke hasimami kwa moto ya chuma. Hiyo ni mwiko. Moto itakasirika."

"Moto wa chuma?" Mzee akauliza kwa upole. "Sheikh wangu, huo ni wa kwako, nami siugusi. Huu ni wa shaba. Na wa shaba hauna mwiko huo."

M'Ikiara akaketi tena, lakini alivuta gogo lake mpaka ndani.

Tulifanya kazi ndani ya stoo, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magunia. Walichimba mfereji mfupi sakafuni tukaujaza makaa, kwa sababu bamba lilikuwa refu kuliko tanuru lolote, na vijana wawili wa kiwanda walivuta mivukuto huku na huku. Mzee alipiga vinundu safu kwa safu juu ya gogo jingine, na kila baada ya safu chache bamba lilikuwa gumu likawa linataka moto. Kila mara nilitembea kando ya mfereji nikiangalia mwanzo na mwisho, kwa sababu makaa hayalingani, na kila mara niliuliza, "Maji, Mzee?" naye akanguruma, "Lete maji!" Nje tulisikia wanawake wakifika na vikapu vyao, wakipanga foleni, wakiongea. Mmoja alisema kahawa yake imeanza kutoa harufu. Mwingine akasema wasubiri, fundi wa Meru yuko ndani, fundi wa Meru hajawahi kushindwa. Mama mmoja alitupitishia ndizi za kuchemsha na maharagwe, tukala tumesimama, Mzee akiwa ameweka mkono mmoja juu ya bamba wakati wote asije mtu akaligusa.

Ilibaki mara moja ya mwisho, ile ya kulilainisha lote lipate kuvikwa kwenye pipa. Bamba lilikuwa juu ya makaa, na rangi ilikuwa imeanza kuja upande wa mlango, M'Ikiara aliposimama. "Ngojeni," akasema. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Huyu mzee hasemi kitu mpaka huyu mwari aulize. Kila saa, maji Mzee, maji Mzee. Nani fundi hapa?" Kabla mtu hajajibu alifungua mlango. Mwanga uliingia wote kwa pamoja. Alichota matunda mawili kwenye kikapu cha mama aliyekuwa karibu, akaja akayainua mbele ya uso wa Mzee, moja kila mkono. "Niambie, Mzee. Gani imeiva?"

Wanawake walichungulia mlangoni. Mwenyekiti alisema, "Haya ni maswali gani sasa?" lakini naye alikuwa anangoja jibu. Mzee Abdalla hakujaribu kubahatisha, ingawa angeweza. Yalikuwa mawili tu. Alishusha koleo. "Sioni," akasema. "Nina mwaka sioni. Miezi saba hii moto wote ameuona Kawira. Mikono ni yangu, macho ni yake. Nilipaswa kuwaambia, nikaogopa."

Mwenyekiti alishika kichwa. Alianza kusema walitoe bamba, waliache, watatuma Nairobi, na wanaume wengine wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, mmoja akiuliza nani atajibu ofisini, mwingine akisema alijua tangu mwanzo. Mimi sikumsikiliza hata mmoja. Mwanga wa mlango ulikuwa umeinyang'anya shaba rangi yake yote. Ilikuwa imelala pale juu ya makaa, kijivu, kama haijawahi kupata moto. Nilijua ilikuwa inaendelea kuiva bila mimi kuiona. Ilikuwa bamba la mwisho, na ilikuwa jina la Mzee, na haikuwa na habari kwamba watu wanajadiliana. Nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo.

"Funga mlango!"

Mtu alifunga. Sijui nani. Giza lilirudi, na kwa pumzi mbili sikuona kitu kwa sababu ya mwanga uliobaki machoni. Kisha nikaiona. Upande wa mlango ulikuwa umefika, katikati palikuwa pamefika, na mwisho wa mbali ulikuwa nyuma kidogo, bado ni tunda la jana. Nikamwambia kijana wa mwisho avute na wa mwanzo aache. Nikahesabu pumzi. Upande wa mlango ulianza kung'aa, na kila kitu mwilini mwangu kiliniambia itoe, nikangoja pumzi moja zaidi, mwisho wa mbali ukaja.

"Maji!"

Safari hii sikuuliza. Nilishika koleo zangu upande mmoja, na ndipo nilipokumbuka kwamba bamba linabebwa na watu wawili, na Mzee alikuwa ameziweka zake chini na hawezi kuziona. Koleo za upande wa pili zikainuka. Alizishika M'Ikiara. Miaka thelathini ya moto ilikuwa imemfundisha kwamba aliyeona rangi akisema maji, ni maji. Tuliinua pamoja, tukapiga hatua tatu, tukalizamisha, na mvuke ukapanda ukajaza stoo mpaka tukawa tunakohoa sote.

Lilipopoa nilimpa Mzee alishike kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwa mikono. Alipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kila safu. Alipofika mwisho alilikunja pembe kwa kidole gumba na kidole cha shahada, likakubali. "Limelingana," akasema. "Limelingana lote." M'Ikiara naye alikuja akakunja pembe yake mwenyewe. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akasema kwa Kimeru, na mara hii hakutafsiri, kwa hiyo nilimtafsiria Mzee mimi mwenyewe, na kujitafsiria mwenyewe ni tamu kuliko pilau: "Hilo tundu nililitoboa mimi, na huyu mwari hajatoboa. Mkitaka kubishana, bishaneni na mimi." Nani angebishana na mhunzi? Mzee wa kanisa alijifuta uso kwa tai yake.

Mashine ilianza kuzunguka jua likiwa bado juu. Punje zilitoka nyeupe, nzima, zikiteleza kwenye maji, na wale wanawake walioleta vikapu walizichota kwa viganja wakazitazama. Mama aliyekuwa mbele ya foleni aliniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia, mimi ni wa karakana ya Mzee Abdalla. Nilikuwa nimepakwa masizi mpaka masikioni, na sijawahi kujiona mzuri kama siku ile, hata siku ya harusi yangu. Barua haikushushwa. Mwenyekiti alikwenda ofisini mwenyewe kueleza kwamba bila tanuru lile viwanda vya kahawa vitalala njaa, na kahawa ilikuwa imekwisha kuwa kitu ambacho hata ofisi ilikisikiliza. Walimruhusu Mzee abaki na moto wake, mimi nikiwa mfanyakazi wake. Bi Rukia alipopata habari alisema, "Kumbe kusema kweli hakuui," akaniongezea nyama.

Siku chache baadaye uliletwa ujumbe kutoka kiwanda kimoja upande wa Embu. Bamba lao lilikuwa limelika. Tulipanda lori asubuhi mimi na Mzee, barua imefungwa kwenye kitambaa kifuani mwake, tukapita vizuizi vyote tukafika mchana. Karani alikuwa anatungoja langoni, kijana msafi mwenye kalamu sikioni. Alinipita bila kunitazama akamwendea Mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, fundi," akasema. "Tumekungoja sana."

"Ahsante, mwanangu," Mzee Abdalla akasema. "Lakini fundi ni huyu. Mimi nimekuja naye."

Karani aligeuka. Alianza na miguu yangu, iliyokuwa peku, akapanda hadi leso yangu kichwani, akateremka tena, kisha akachungulia nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anayeshuka kwenye lori. Machozi yalikuwa yamenijaa, na sikutaka ayaone. Nilimwacha amalize kutazama. Kisha nikamwambia aende akafunge madirisha.